Kumpiga Picha Mcheza Dansi Akiwa Hewani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Sakafu Hadi Kuchagua Picha

Malalamiko ni yale yale. Picha imetoka kali, mwanga upo, mcheza dansi yuko juu kabisa, lakini mwenyewe akiiona anaomba isitumike. Mpiga picha ameona mruko. Mcheza dansi ameona mguu wa nyuma ambao haujamalizika kunyooka, bega lililopanda hadi sikioni na midomo iliyokazwa. Basi wanarudia, wanarudia tena, misuli inachoka, na mruko wa ishirini unakuwa mbaya kuliko wa pili.

Chanzo chake mara nyingi ni mpangilio wa kazi. Wengi hurekebisha mwanga, fokasi na fremu huku mtu anaruka. Hapa tunafanya kinyume: chochote kinachoweza kukamilishwa bila mruko kinakamilishwa kwanza. Mcheza dansi ni msanii mwenye kauli kuhusu umbo lake, na ni mwanariadha ambaye mwili wake una idadi ndogo tu ya miruko ya nguvu kamili kwa siku. Ukiiheshimu idadi hiyo, picha zinakuja.

## Vifaa vya kuandaa

- Kamera inayokuruhusu kupanga mwenyewe kasi ya shata, tundu la lenzi na ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga).
- Lenzi ya milimita 50 au 85 kwa studio. Zumu ya 70–200 yenye f/2.8 kwa jukwaani (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni pana).
- Flashi mbili zenye kiwashio cha redio, au dirisha kubwa lenye mwanga mwingi.
- Stendi imara, kila moja na mfuko wake wa mchanga.
- Utepe wa gundi wa rangi mbili, usioacha alama sakafuni.
- Skrini kubwa kiasi, ya kompyuta au tableti, ili mcheza dansi aone picha vizuri.
- Maji, taulo na nguo nzito ya kuvaa kati ya miruko.
- Fomu ya idhini ya kutumia picha.

Vipimo vyote hapa chini ni vya kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24. Kama sensa yako ni ndogo, ile ya APS-C, gawanya urefu wa lenzi kwa 1.5: lenzi ya milimita 35 itakupa karibu fremu ile ile ya 50.

## Hatua ya 1: Zungumzeni kabla ya siku ya picha

Mwombe mcheza dansi achague miondoko mitano au sita na akutumie video fupi ya kila mmoja, iliyopigwa kwa ubavu. Itazame fremu kwa fremu. Tafuta pale umbo linapokamilika, kisha mwulize kama ndipo anapopaona yeye. Mara nyingi mtatofautiana, na yeye ndiye anayejua.

Uliza pia makosa ya dansi yake ni yapi, kwa sababu kosa la dansi moja ni uzuri wa nyingine. Kwenye baleti, mstari unapaswa kushuka kutoka gotini, kupitia kifundo, hadi ncha ya vidole bila kukatika. Kifundo kikipinda kwa ndani, picha imekufa. Kwenye Bharatanatyam, dansi ya jadi ya India Kusini, magoti yaliyokunjwa na kuelekea nje ndiyo msingi wenyewe, kwa hiyo kumwambia mtu anyooshe miguu ni kumharibia. Ngoma nyingi za Afrika hubeba nguvu yake chini, katika magoti yaliyolegea na nyayo zinazopiga ardhi. Anayemlazimisha mchezaji wa ngoma hizo aruke juu na kunyoosha vidole anapiga picha ya dansi isiyokuwepo.

Idhini isainiwe siku hiyo hiyo ya mazungumzo. Kwa aliye chini ya umri wa utu uzima, mzazi au mlezi atoe idhini kwa maandishi na awepo wakati wote wa kupiga picha.

Utajua umefaulu ukiwa na orodha fupi ya miondoko, na kando ya kila mmoja umeandika kitu kimoja ambacho lazima kionekane na kimoja ambacho hakitakiwi.

## Hatua ya 2: Kagua sakafu kabla ya kukagua mwanga

Mtu anapotua kutoka kwenye mruko mkubwa, miguu hupokea nguvu iliyo mara kadhaa ya uzito wake. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya fremu inanesa na kupokea sehemu ya nguvu hiyo. Zege na vigae havipokei kitu: mshindo wote unarudi kwenye mifupa ya muundi, magoti na mgongo. Kwenye zege piga picha za mizani ya mwili, za sakafuni, za mikono. Usiombe miruko. Zulia lililotandazwa juu ya zege haliondoi tatizo. Linaongeza la kuteleza.

Karatasi ndefu ya mandharinyuma inayoshushwa hadi miguuni nayo ni mtego. Huteleza, na huchanika mguu unapojisukuma. Iishie ukutani, au tumia vinili ya dansi iliyobandikwa kingo zote.

Pima nafasi. Mruko wa kusafiri unahitaji hatua tatu au nne za kukimbilia na nafasi kama hiyo ya kutulia baada ya kutua. Stendi zikae angalau mita 2 nje ya njia hiyo, na nyaya zipite nyuma yako au zibandikwe chini kwa urefu wote.

Mcheza dansi apashe mwili joto kwa dakika 20 wakati wewe unapanga taa. Akikaa bila kusogea kwa zaidi ya dakika kumi hivi, arudie kupasha kabla ya kuruka tena, hata kama mwenyewe anasema yuko tayari.

Utajua umefaulu akipita mwondoko mzima bila kamera na bila kutazama chini.

## Hatua ya 3: Weka kamera mahali pake

Umbali haukisiwi. Zidisha upana wa eneo unalotaka lionekane, kwa mita, mara urefu wa lenzi, kisha gawanya kwa 36. Eneo la mita 4 kwa lenzi ya 50: 4 × 50 ÷ 36 ni karibu mita 5.6. Kwa lenzi ya 85 utahitaji mita 9.4. Kama chumba hakikupi umbali huo, badilisha lenzi mapema badala ya kukata mikono ya mtu baadaye.

Teremsha kamera hadi usawa wa nyonga au goti. Kutoka chini, miguu hujitenga na mstari wa sakafu na mruko husomeka vizuri zaidi. Kutoka usawa wa macho yako, mtu aliye sentimita 50 hewani anaonekana kama aliyejikwaa. Usizidishe, lakini: lenzi pana, kama ya 24, ikiwa chini na karibu hutoa miguu mikubwa na kichwa kidogo.

Mruko wa kutawanya miguu upigwe kwa ubavu kamili, mstari wa safari ukiwa sambamba na sensa. Mguu unaoelekea kwenye lenzi hufupika. Hata mwelekeo wa digrii 30 tu unatosha kumla mtu sehemu ya ule mtawanyo alioufanyia mazoezi kwa miaka.

Utajua umefaulu hivi: mcheza dansi asimame mahali pa kilele na kuinua mikono. Juu ya vidole vyake ibaki nafasi ya sentimita 70 au zaidi ndani ya fremu, na chini sehemu ya sakafu ionekane. Bila sakafu, hakuna anayejua kama kweli ameruka.

## Hatua ya 4: Funga fokasi

Bandika utepe wa rangi moja mahali anapojisukumia na wa rangi nyingine chini ya kilele. Asimame kwenye wa pili, weka fokasi kifuani, kisha zima fokasi ya kiotomatiki ili isihame. Fokasi inayotafuta wakati mtu tayari yuko hewani mara nyingi huishia ukutani.

Angalia kina cha ukali, yaani umbali wa mbele hadi nyuma ambamo picha hutoka kali. Lenzi ya 85 kutoka mita 7, kwa f/1.8, inakupa takriban sentimita 70 tu. Kwa f/5.6 unapata zaidi ya mita 2, na hapo akikosea alama kwa hatua moja bado yuko salama. Studio si mahali pa f/1.8.

Kwa dansi isiyo na alama maalumu, tumia fokasi ya kufuatilia kwa kundi la nukta katikati, na anza kumfuatilia kabla hajafika pale unapomtaka.

## Hatua ya 5: Simamisha mwendo

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu kinachosimamisha mwendo hubadilika kulingana na chanzo cha mwanga.

Kwa mwanga wa dirisha, kazi ni ya shata. Hesabu ni rahisi: mtu anayesafiri mita 4 kwa sekunde husogea milimita 32 kwa 1/125, milimita 8 kwa 1/500, na milimita 4 kwa 1/1000. Mikono na nyayo huenda kasi kuliko kiwiliwili, kwa hiyo 1/500 inaweza kukupa uso mkali na vidole vyenye ukungu. Anza na 1/1000, f/2.8 hadi f/4, ISO 1600 au 3200. Chengachenga za ISO kubwa zinavumilika. Vidole vilivyofutika havirekebishiki.

Kwa flashi, kazi ni ya muda wa mmweko wenyewe. Shata hapa inabaki kwenye kikomo cha kamera yako cha kupatana na flashi, kwa kawaida 1/200 au 1/250. Ukipita kikomo hicho katika hali ya kawaida, ukanda mweusi unatokea kwenye picha. Flashi nyingi ndogo za kuweka juu ya kamera humweka kwa takriban 1/1000 zikiwa na nguvu kamili, na zikipunguzwa hadi 1/8 mmweko hufupika hadi karibu 1/5000. Ndiyo maana flashi mbili kwenye nguvu ndogo ni bora kuliko moja iliyokamuliwa yote. Taa kubwa za studio hazifuati kanuni hiyo zote. Baadhi mmweko wake hurefuka nguvu ikipunguzwa. Soma mwongozo wa taa yako, na ukikuta vipimo viwili vya muda wa mmweko, t0.5 na t0.1, amini t0.1.

Kisha fanya jaribio ambalo watu hulisahau: zima flashi, piga picha kwa mipangilio ile ile. Inapaswa kutoka nyeusi tii. Ikionesha chochote, mwanga wa chumba unaingia na utaacha kivuli chepesi pembeni mwa mwili, kana kwamba mtu ana ngozi mbili. Zima taa za chumba, shusha ISO hadi 100 au 200, au funga tundu la lenzi kuelekea f/8.

Taa zitoke ubavuni. Mwanga wa mbele hufanya mwili uonekane bapa. Wa ubavuni huchonga paja, mbavu na misuli ya mgongo, na hapo ndipo uanariadha unapoonekana. Weka moja kila upande, nyuma kidogo ya mstari wa mcheza dansi, katika urefu wa kifua. Moja iwe na nusu ya nguvu ya nyingine ili mwili upate upande wa giza. Ziba mwanga usiangukie ukutani wala ndani ya lenzi kwa ubao mweusi.

Tahadhari: anayeruka kuelekea upande wenye taa asimulikwe machoni. Mtu aliyepofushwa kwa nusu sekunde anatua bila kuiona sakafu. Inua taa ya upande wa kutua au isogeze nyuma yake.

Na kama unategemea taa za LED au za mirija za ukumbini, tumia shata ya kimakanika. Kwenye umeme wa Hz 50 nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya kielektroniki hugeuza kupepesa huko kuwa mistari ya giza. Kwa kamera nyingi shata hiyo pia husoma picha mstari kwa mstari, na mkono unaokwenda kasi hutoka umepinda.

## Hatua ya 6: Bonyeza kwa hesabu, si kwa macho

Mruko wa sentimita 50 huchukua sekunde 0.64 kutoka kuachana na sakafu hadi kuigusa tena. Nusu ya muda huo, sekunde 0.32, mwili uko katika robo ya juu ya mruko. Ndiyo sababu anaonekana kuelea, na ndiyo habari njema: dirisha lako ni pana kuliko unavyodhani.

Habari mbaya ni kwamba jicho na kidole vinahitaji takriban sekunde 0.2 kuitikia, na kamera inaongeza ucheleweshaji wake. Ukingoja kuona kilele, unapiga kuanguka.

Kwa hiyo hesabuni pamoja kwa sauti: tano, sita, saba, nane. Mkubaliane anajisukuma kwenye namba ipi. Wewe bonyeza mara tu baada ya namba hiyo, hata kama macho yanakuambia bado. Mfanye mara tano kwa nguvu ndogo, mruko mdogo tu, ili kidole kijifunze mwendo wake. Ikiwa kuna muziki, utumike ule ule kila mara.

Kila picha itakuambia umekosea upande gani. Tazama nywele na nguo. Sketi na nywele zikiwa zimebanwa chini, bado anapanda: umewahi. Zikiwa zimepeperuka juu ya mabega, anashuka: umechelewa. Mguu wa mbele ukianza kutafuta sakafu, umechelewa zaidi. Rekebisha kidole kidogo kidogo, usimwombe yeye abadilishe mruko.

Vipi kuhusu picha mfululizo? Picha 10 kwa sekunde hukupa karibu sita kwa mruko mzima, zikiachana kwa sekunde 0.1. Urefu hautakuwa tatizo, maana sekunde 0.05 kabla au baada ya kilele mwili umeshuka kwa sentimita 1 na kidogo tu. Tatizo ni mtawanyo wa miguu na uso, ambavyo vinaweza kukamilika na kuharibika katikati ya picha mbili. Tena flashi nyingi haziwezi kujijaza kwa kasi hiyo. Tunashauri picha moja kwa mruko mmoja mpaka kidole kikae sawa, kisha mfululizo kwenye mwanga wa dirisha ukiwa bima tu.

Piga kwa seti za miruko mitano, kisha dakika mbili au tatu za kupumzika huku mkitazama skrini pamoja. Hapo ndipo msanii anaposema kweli: «mkono huu umechelewa», «nishushe kidevu». Miruko minane hadi kumi ya nguvu kamili kwa kila mwondoko inatosha. Picha isipopatikana, hamieni mwondoko mwingine.

Simamisha mara moja ukisikia kutua kunakuwa na kishindo, au ukiona goti linaangukia ndani anapotua. Sikio hutambua uchovu kabla ya jicho. Mcheza dansi mwenye ari atakuambia «moja ya mwisho» mara nne, na kumkatalia ni sehemu ya kazi yako.

Utajua umefaulu ukipata, katika seti moja ya mitano, angalau mitatu ambayo nywele zimetulia hewani na miguu imefika mwisho wake.

## Hatua ya 7: Mizunguko na picha za mwendo

Anayezunguka hugeuza kichwa mwisho na kukirudisha kwanza kwenye nukta moja ukutani, ili asipate kizunguzungu. Mwombe nukta hiyo iwe juu kidogo ya lenzi yako. Uso utarudi kwako kila mzunguko, na hapo ndipo unabonyeza. Flashi ya mbele haifai hapa.

Sketi pana au mikono inayochora duara huvutia kwa shata ya polepole. Jaribu 1/30 ukiwa na tripodi. Ukitaka mkia wa mwendo pamoja na mwili mkali, tumia 1/4 ya sekunde na flashi iliyopangwa kuwaka mwishoni mwa shata, ili mkia ubaki nyuma ya mwili.

## Hatua ya 8: Ukiwa jukwaani

Omba ruhusa kwa ukumbi na kwa mtunzi wa miondoko, na omba mazoezi ya mwisho ya mavazi badala ya onyesho lenyewe. Flashi hairuhusiwi kamwe.

Kamera ikiachwa ipime yenyewe, giza la nyuma linaidanganya na nyuso zinaungua, yaani zinatoka nyeupe mno. Panga mwenyewe: f/2.8, 1/500, ISO 3200 hadi 6400, ukipima uso. Chini ya mwanga mwekundu au wa bluu, tazama grafu ya mwanga (histogramu) ya kila rangi peke yake, kwa sababu rangi moja inaweza kuwa imejaa wakati grafu ya jumla inaonekana salama. Punguza mwanga hadi ishuke. Piga faili za RAW, zile ghafi ambazo kamera haijazichakata.

## Hatua ya 9: Chagua kwa jicho la mcheza dansi

Kagua kwa mpangilio huu: miguu, mikono, mguu unaobeba uzito, mabega, kisha uso. Picha ikishindwa kwenye miguu, usipoteze muda kupenda uso. Baki na picha mbili kwa kila mwondoko, mpelekee, na neno lake la kukataa liwe la mwisho.

Unapokata fremu, usikate kwenye kiungo: kifundo, goti, kiwiko. Nyoosha mstari wa sakafu. Futa alama za utepe. Jasho, mishipa na michubuko ya miguu ubaki navyo isipokuwa mwenyewe ameomba viondolewe.

Usirefushe miguu wala kuinua mruko kwa programu. Wacheza dansi huombea kazi kwa picha hizi, na anayewaajiri atauona mwili halisi wiki ijayo ukumbini.

Unapotuma, toa faili mbili za kila picha: moja kubwa ya kuchapisha, na moja ya pikseli 2048 upande mrefu kwa matumizi ya mtandaoni. Kwenye taarifa za faili andika jina la mcheza dansi, la mtunzi wa miondoko na la aliyeshona vazi, kabla ya lako.